WATU WENYE KUJULIKANA: Mikhail Tsvet na murija wake wa chaki

Katika ukurasa huu tumezoea kuwaletea majina yenye hata wadogo wa mwaka wa kwanza wanayajua. Mara hii tunaleta mutu mwenye wanafunzi wa sekisio Bio-Shimi wanamukuta mu kitabu, lakini mu mustari moja tu: Tsvet, kromatografi, 1903. Kisha mwalimu anageuza ukurasa. Ule mustari moja ni kidogo sana. Leo, wakati watu wa labo wanatafuta alama ya dawa ndani ya maji ya muto, dawa kidogo sana yenye jicho haioni na ulimi hauonji, wanatumika na fikra ya huyu mutu. Na yeye alikufa bila kujua kama fikra yake ingefika fasi yoyote.

Mikhail Semyonovich Tsvet alizaliwa tarehe 14 ya mwezi wa tano, mwaka wa 1872, mu muji wa Asti, inchi ya Italia. Baba yake alikuwa Murusi, mutumishi wa serkali. Mama yake alikuwa wa asili ya Italia. Walikuwa mu safari, na mutoto akazaliwa mu hoteli. Mama hakukaa, akafa kisha wakati kidogo. Baba alipaswa kurudia kazi yake mu Urusi, basi akamuacha mutoto kwa mulezi huko Lausanne, inchi ya Uswisi. Mutoto yatima wa mama, baba mbali: wengi kati yetu wanajua ile maisha, hatuna lazima ya kuieleza.

Alikomalia Lausanne na Geneva. Geneva njo ule muji wa Calvin, na université ya Geneva ilitoka mu shule yenye Calvin mwenyewe alianzisha mwaka wa 1559. Kwa hiyo sisi wa shule ya Kiprotestanti tunaweza kusema kidogo kwa kujivuna kama Tsvet alikalia benchi la nyumba moja na sisi. Luga yake ya masomo ilikuwa Kifaransa, sawa vile kwetu. Mwaka wa 1896 akapata doktora juu ya selile za mimea, na tezi yake aliiandika kwa Kifaransa.

Ule ule mwaka akaenda Urusi, inchi ya baba yake. Hapa njo taabu ya kwanza ikamungojea. Wakubwa wa masomo kule wakamwambia kama doktora ya inchi ya kigeni haina nguvu kwao. Wale wenye wako na kaka ao dada mwenye alisomea inchi ingine wanajua habari ya ekivalansi: unarudi na karatasi nzuri yenye muhuri, na mu ofisi wanaiangalia kama vile karatasi ya kufungia karanga. Tsvet alikuwa na miaka 24, na ilimuomba aanze tena. Hakukasirika akarudia Geneva. Akakaa Saint-Petersburg, akafundisha elimu ya mimea ku masomo ya wanawake yenye Lesgaft alianzisha, na pembeni akatumika kazi yake ya uchunguzi. Mwaka wa 1901 akapata diplome ya pili huko Kazan, ya chini kuliko ile yenye alikuwa nayo tayari. Kisha akaenda Warsaw, muji wa Polandi wenye wakati ule ulikuwa chini ya utawala wa Urusi, akatumika mu labo ya université, cheo kidogo.

Sasa tuseme juu ya kazi yenyewe, maana bila kuielewa hatuwezi kuelewa mutu.

Kila mutu anajua kama majani ni ya rangi ya kijani. Mama akitwanga sombe, kinu kinakuwa kijani, mikono inakuwa kijani. Lakini ile kijani, ni rangi moja ao ni rangi nyingi pamoja? Watu wa shimi walikuwa wanabishana juu ya ile neno tangu miaka mingi. Ukitia majani mu alkoli, rangi yote inatoka pamoja, na huwezi tena kujua nani ni nani. Walijaribu kuzitenganisha kwa kuchemsha na kwa kutia asidi, lakini rangi za majani ni tepetepe, zinaharibika mbio. Kisha hujui kama ile kitu unaona mu chupa ilitoka mu jani ao ni wewe uliitengeneza na moto wako.

Tsvet aliona kitu kimoja chenye wengine walikiona na wakakiruka. Ukitwanga majani na kuyaosha na esansi nyepesi yenye kutoka mu petroli, rangi ya manjano yenye kuitwa karoteni inatoka, lakini kijani inabakia mu majani. Ukiongeza alkoli kidogo, kijani nayo inatoka yote. Tena, ile kijani ikiisha kutoka, inayeyuka vizuri mu ile esansi yenye ilikuwa imeikatalia! Basi kama esansi inaweza kuiyeyusha, juu ya nini mbele haikuitosha? Tsvet akafikiri kama kuna kitu mu jani chenye kuishika rangi, sawa vile vumbi inashika ku kioo yenye mafuta. Haiko kuchanganyika, iko kushikamana ku uso wa kitu. Akajaribu na karatasi ya kuchujia: akaipakaa rangi, akaikausha, akaiosha na esansi. Karatasi ikafanya sawa vile jani.

Akaanza kujaribu unga wa kila namna, zaidi ya namna 100: chumvi za shimi, sukari, inulini, na vingine. Mwishoni akapenda sana ile yenye sisi tunaiita chaki, kalsiamu kabonati, iliyosagwa laini kabisa.

Kazi yake ilikuwa hivi. Alitwaa murija mwembamba wa kioo, akaujaza ule unga, akaushindilia vizuri. Juu akamwanga maji ya rangi ya majani. Rangi ikashika juu, duara moja ya kijani. Kisha akaendelea kumwanga dawa safi yenye kuyeyusha, polepole. Na hapo rangi zikaanza kutembea, lakini hazikutembea pamoja. Wazia barabara yenye bariere nyingi. Lori yenye muzigo mukubwa inasimamishwa ku kila bariere. Pikipiki inasimama kidogo. Mutu wa miguu anapita tu. Wote walitoka gare moja, saa moja, lakini jioni kila mumoja iko fasi yake. Karoteni, yenye chaki haiishiki sana, ikapita mbele na kutoka chini. Nyuma zikaonekana kijani mbili zenye hazifanane, moja ya kuelekea bluu na moja ya kuelekea manjano, njo zile tunaita leo klorofili a na klorofili b. Na kukaonekana mistari mingine ya manjano, haikuwa moja tu. Kisha alisukuma ule unga wote utoke mu murija kama vile soseji, akaukata na kisu, kipande kwa kipande, kila kipande na rangi yake, na akakiosha na alkoli ku chupa yake. Hakuna moto, hakuna asidi, hakuna kilichoharibika.

Tarehe 21 ya mwezi wa tatu mwaka wa 1903 akaeleza fikra yake mbele ya shirika la wachunguzi wa viumbe mu Warsaw. Mwaka wa 1906 akaandika habari mbili mu gazeti la Wadeutschi la elimu ya mimea, na hapo njo alitoa jina la kromatografi, kutoka maneno mawili ya Kigiriki: rangi na kuandika. Mu Kirusi, neno tsvet lenyewe maana yake ni rangi. Kuna wenye wanasema kama alificha jina lake ndani ya jina la kazi yake. Yeye hakueleza, basi kila mutu awaze vile anataka. Mwaka wa 1907 alifika Berlin na murija wake, akauonyesha wazi mbele ya wachunguzi wa mimea wa kule. Ule ule mwaka akaoa bibi Helena Trusiewicz.

Unaweza kuwaza kama watu walipiga mikono na kumubeba mabegani. Hapana. Yeye alikuwa mutu wa mimea, na wale wa shimi hawakupenda mutu wa mimea aingie mu shamba lao. Leon Marchlewski, mukubwa wa shimi kule Krakow, alipigana naye mu magazeti miaka mingi. Richard Willstätter, Mudeutschi, mwenye alikuwa anatumika Zurich na alikuwa na labo kubwa na wasaidizi wengi, aliona kama ule unga unaharibu klorofili, na kama ule murija unatoa vitu kidogo mno vyenye haviwezi kusaidia mutu wa shimi. Willstätter alikuwa anatengeneza klorofili kwa wingi, na majani mengi na alkoli mingi. Mwaka wa 1915 akapewa Nobel ya shimi juu ya rangi za mimea. Hatusemi kama hakustahili, kazi yake ilikuwa kubwa kweli. Tena, mu neno moja alikuwa na haki: kuna unga wenye kuharibu klorofili, na mutu asipochagua vizuri atapata uongo. Lakini Tsvet alikuwa amekwisha kuonya juu ya ile, na njo maana alijaribu namna zaidi ya 100. Ni vile watu wanasoma kazi ya mwenzao haraka haraka.

Tsvet aliendelea. Mwaka wa 1910 akaandika kitabu kikubwa mu Kirusi juu ya rangi za mimea na nyama, na kwa kile kitabu akapata doktora mu Warsaw. Miaka 14 kisha ile ya Geneva! Mwaka wa 1911 Akademia ya Urusi ikamupa zawadi. Alikuwa anafundisha ku shule ya waganga wa nyama, kisha ku Politekniki.

Halafu vita ikaja. Mwaka wa 1915 waaskari wa Deutschland wakakamata Warsaw, na Politekniki ikakimbia, kwanza Moscow, kisha Nizhny Novgorod. Mutu mwenye alikimbia vita anajua: unabeba watu, vitabu na vyombo vinabakia. Mwaka wa 1917 njo akapata cheo chenye alingojea maisha yote, profesere na mukubwa wa bustani ya mimea, mu muji wa Tartu. Haukuisha mwaka, waaskari wakafika Tartu vilevile. Mwaka wa 1918 profesere wa Kirusi wakahamishwa mpaka Voronezh. Ule mwaka mutu mumoja alitoa jina lake kwa ajili ya Nobel ya shimi, lakini zawadi ikaenda kwa Fritz Haber. Tarehe 26 ya mwezi wa sita 1919, Tsvet akafa mu Voronezh kwa ugonjwa, miaka 47. Jiwe la ukumbusho lilisimamishwa kule mwaka wa 1992.

Karibu miaka kumi na mbili murija wake ukalala. Hatusemi kama wote waliusahau: mu Marekani, Palmer aliutumikisha juu ya rangi ya manjano yenye iko mu maziwa. Lakini labo kubwa hazikuutaka. Mwaka wa 1931, mu Heidelberg, kijana Edgar Lederer alikuwa anatumika kwa Richard Kuhn juu ya karoteni. Akatafuta mu vitabu vya zamani, akakuta jina la Tsvet. Kile kitabu cha 1910 kilikuwa mu Kirusi. Na Kuhn alikuwa na tafsiri yake mu Kideutschi, imeandikwa kwa mashini tu, haikuchapwa kamwe. Ilitoka wapi? Ilifanywa kwa ajili ya Willstätter, mwalimu wa Kuhn. Kumbe ile kazi yenye Willstätter aliikatalia ilitunzwa mu kabati yake! Lederer akajaza murija na unga, akamwanga, na karoteni yenye watu walisema ni moja ikatoka mbili. (Mafuta yetu ya mawese ni mekundu juu ya ile ile karoteni, kwa wenye hawakujua.) Kisha ile mwaka, labo zote zikaanza. Mwaka wa 1952 Martin na Synge wa Uingereza wakapata Nobel juu ya namna mupya ya kromatografi. Mu miaka ya 1940, mu Oxford, Edward Abraham na wenzake walisafisha penisilini kwa kuipitisha mu murija wenye unga wa alumina.

Angalia sasa vile mambo yanazunguka. Murija ulisaidia kusafisha dawa ya kuua mikrobe, na leo ule ule murija unatafuta zile dawa mu maji, fasi zisipopaswa kuwa.

Maana dawa haiishi mu mwili. Ukimeza Bactrim, sehemu inatumika, sehemu ingine inatoka na mukojo. Kutoka choo inaenda ku muferji, kutoka muferji ku muto. Na hospitali, na wenye kufuga kuku na nguruwe wenye kuwapa tetra mu chakula, wote wanaongeza. Kibonge kimoja cha Bactrim cha kawaida kina miligramu 400 za sulfametoksazoli na miligramu 80 za trimetoprimu. Mu muto inakuwa kidogo sana, inahesabiwa kwa nanogramu mu litre moja. Nanogramu moja mu litre ni gramu moja mu miliari moja ya litre: wazia bwawa la kilometre moja urefu, kilometre moja upana, na metre moja kwenda chini, kisha utupe ndani gramu moja tu. Hesabu mwenyewe: zile miligramu 400 za kibonge kimoja zinatosha kutia nanogramu moja mu kila litre ya litre milioni 400. Ile kidogo haiwezi kumuua mutu. Woga ni juu ya mikrobe: zikikaa siku zote karibu na dawa kidogo, yenye haiziue, zenye zinaweza kuvumilia njo zinabakia na kuzaana. Siku mutoto anaugua kweli, dawa haimusaidie tena.

Basi utaipata namna gani gramu mu bwawa? Mashini haiwezi kuona kila mara kitu kidogo vile, lazima kwanza kukusanya. Wanachota maji mu chupa safi ya kioo cha rangi nyeusi-nyeusi, juu jua linaharibu dawa zingine, na wanaitunza mu baridi. Kama maji yametiwa klori, wanaongeza dawa ya kuizima, maana klori inakula antibiotiki njiani. Wanachuja matope. Wanatia asidi kidogo, na mara nyingi EDTA, kwa sababu tetra inapenda kushikana na kalsiamu na manyezi mu maji, na EDTA inazikamata zile metali ili tetra iachiliwe. Tena wanaongeza kiasi chenye wanakijua cha dawa ile ile lakini yenye atomu nzito. Mwishoni wataangalia imebakia ngapi. Kama nusu imepotea njiani, wanajua kama nusu ya ile yenye wanatafuta nayo imepotea.

Kisha inakuja kartushi. Ni kamurija kadogo ka plastiki, kama ya sindano ya muganga, ndani mumeshindiliwa unga. Haiko chaki tena, ni unga wenye kutengenezwa kwa kupenda aina nyingi za dawa. Zilianza kuuzwa mwisho wa miaka ya 1970. Wanailowesha kwanza na metanoli, kisha na maji. Wanapitisha nusu litre ao litre nzima, polepole, mililitre kidogo kwa dakika, maana ukiharakisha dawa inapita bila kushikwa. Wanaosha, wanakausha. Halafu wanamwanga metanoli kidogo, na ile metanoli inachukua yote yenye unga ulishika. Wanapulizia azoti mpaka metanoli karibu yote inaruka, na wanaongeza tena mpaka mililitre moja. Litre moja imekuwa mililitre moja, mara 1000 nguvu zaidi. Hapo njo wanaipeleka mu mashini, na mashini nayo, mbele ya kupima uzito wa molekuli, inaipitisha mu murija mwingine wa chuma wenye unga ndani, ili kila dawa itoke kwa saa yake. Tsvet mara mbili mu kazi moja.

Taabu haikosi. Dawa zenye kupenda matope zinabakia ku karatasi ya kuchujia, na mwenye kupima maji tu atasema muto ni safi wakati ugonjwa uko chini mu udongo. Uchafu wa maji nao unashikwa na unga pamoja na dawa na unasumbua mashini. Ni ule ule ubishi wa Willstätter: unga unachagua, na mwenye kuchagua unga vibaya anapata jibu baya.

Mwaka wa 2022 kukatoka uchunguzi mukubwa wenye ulipimiwa York, mu Uingereza: maji ya mito ya inchi 104, yalichotwa fasi 1052. Pale waliruka kartushi, kwa sababu mashini yao ilikuwa na nguvu ya kutosha. Walichuja na kutia moja kwa moja. Lakini murija wa ndani ya mashini hawakuuruka. Karibu robo ya zile fasi zilikuwa na dawa moja ao zaidi yenye kupita kipimo chenye kuhesabiwa kuwa salama, na sulfametoksazoli ilikuwa kati ya zenye kuonekana.

Sisi hapa hatuna ile mashini, lakini kazi ya Tsvet mwenyewe tunaweza kuifanya mu labo ya shule hata kesho, mbele ya mwalimu na mbali na moto wowote, maana alkoli inashika moto mbio. Twanga majani ya sombe ao ya lengalenga, loweka mu alkoli kidogo mpaka iwe kijani sana, chuja mu kitambaa. Mimina ndani ya kisahani, kimo cha kidole kimoja hapana, nusu tu. Simamisha ndani chaki moja nyeupe, mupya, yenye haijalowana, na usiiguse. Kisha dakika kumi na tano hivi utaona alkoli imepanda, kijani imebakia nyuma, na manjano imeipita na kwenda juu peke yake.